Kichuguu Kisichoagizwa

Asubuhi ambayo mchwa walikutwa wamejenga kichuguu cha pili, mtu wa kwanza kulaumiwa alikuwa Kalunde Mihayo, naye hakushangaa. Luhangazi ni kijiji cha Waluguru watupu, na ukiwa Mnyamwezi peke yako kati ya Waluguru wote hao, basi kikipotea kitu, kikivunjika au kikinuka, kosa ni lako. Ndivyo utani ulivyo. Mama mmoja aliyekuwa anachota maji alimweleza kwamba mchwa hao wa mashine wamemtazama yeye kila siku, wakafikiri kila kikuukuu hapa kijijini kinatunzwa. Kalunde akamjibu kuwa ingekuwa hivyo wangeanza kumbeba mama huyo na ndoo yake. Wakacheka, wakaachana salama.

Kichuguu lakini kilikuwa pale pale, na hakuna aliyekiagiza.

Cha kwanza kiliagizwa, kiwe makao ya mchwa wenyewe. Mlima uliposhuka wakati wa masika, ulibeba kitongoji chote cha juu: shule, nyumba, mashamba ya njegere, mabanda ya mbuzi, karibu vyote vikaja kwa mkupuo mmoja na kusimama juu ya mto kama uji ulioganda. Zamani kifusi cha namna hiyo kingesombwa kwa malori kikatupwe kwenye bonde la watu wengine, na watu hao wangekunywa betri na dawa za mashamba zilizokuwa ndani yake mpaka wajukuu wao. Siku hizi wanaletwa mchwa. Ni mashine za kadiri ya ngumi, rangi ya kahawia, miguu sita, na kinywa kinachotafuna zege kama mtu anayetafuna bisi. Waliingia kwenye kifusi kwa maelfu, wakala, wakatenganisha. Udongo mzuri ulirudi mashambani. Mbao zilipangwa, vyuma vikakusanywa, zege ikasagwa na kutemwa ikiwa matofali, na kila chenye sumu kikashushwa kwenye shimo refu lililotandikwa nailoni nene, upande wa bonde kavu ambako hakuna kisima. Kwa matofali yale wakaanza kujenga nyumba mpya, wao wenyewe, huku wenye nyumba wamekaa chini wakitazama kama watu wanaotazama mpira.

Kulikuwa pia na kijichuguu kidogo huko juu ilikokuwa shule, hakina mlango, kimefunikwa pande zote. Hicho hakikumsumbua mtu. Mhandisi wa mchwa alisema ni ghala lao la gundi, kila kundi la mchwa huwa nalo, na watu wakakizoea.

Lakini hiki kipya kilikuwa kirefu kuliko mtu, kina mlango upande wa mashariki, na kimejengwa nyuma ya ofisi ya kijiji kana kwamba kuna mgeni anatarajiwa. Kalunde aliinama, akachungulia. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mwembamba, mwenye mikono ya mtu aliyebeba mizigo tangu utotoni, na udadisi ndio ulikuwa ugonjwa wake wa kudumu. Nyuma yake alikuja Mhandisi Shufaa, binti wa watu wa Lindi aliyekabidhiwa mchwa wa wilaya nzima, ameshika kurunzi na kibao chake cha kusomea mashine.

"Tangulia, mama," Shufaa alisema. "Wewe ndiye mwalimu wao."

"Wakinitafuna, uandike kwamba nilikuwa mtamu."

Ndani kulikuwa na baridi na harufu ya udongo uliolowa. Vitu vilikuwa vimepangwa kwenye vishubaka, kimoja kimoja, vimefutwa matope. Baiskeli isiyo na magurudumu. Sufuria lenye tundu linalopitisha ngumi. Mlango wa choo wa nyumba ya katekista. Redio iliyobaki ganda. Kofia ya askari mgambo iliyoliwa na panya. Kiti cha miguu mitatu. Kalunde alizunguka huku anacheka kimoyomoyo, kwa kuwa alikitambua kila kitu. Vyote vilipita mkononi mwake siku za mafunzo, na vyote, bila kubakiza hata kimoja, yeye mwenyewe alisema vitupwe.

Kisha kurunzi ya Shufaa ikashuka sakafuni, na kicheko kikaisha.

Sakafuni yalilazwa mabamba mapana ya kijivu, yenye mawimbi, mazima, yamepandana vizuri. Lilikuwa paa la shule. Kalunde hakuhitaji kuambiwa ni kitu gani. Hili halikuwa bati wala saruji tupu. Ilikuwa asbesto, ya zama za mababu, ambayo ikikaa nzima haina neno, na ikikatwa hutoa vumbi laini kuliko unga wa muhogo, likiingia kifuani halitoki tena. Juu ya kila bamba mchwa walikuwa wamekwaruza mistari iliyonyooka, vipande sawasawa.

Shufaa alihesabu mistari, akahesabu tena, akatazama nje kupitia mlangoni kwenye kuta mpya zilizokuwa zinapanda.

"Wanagawa," alisema taratibu. "Kila nyumba kipande chake."

*

Ili kuelewa mchwa walikuwa na akili gani, inabidi kwanza kujua namna walivyosomeshwa.

Mchwa hawaelewi maneno. Waliowatengeneza walianza na maneno wakashindwa, kwa sababu hakuna orodha inayoweza kusema taka ni nini. Chungu kilichopasuka kwenye nyumba hii ni takataka, kwenye nyumba ya pili ndicho bibi alichoachiwa na mama yake. Kwa hiyo wakafundishwa kusikiliza sauti: inavyopanda, inavyokatika, pumzi inavyokaa. Wenye nyumba husimama mbele ya kifusi chao, mwalimu huokota kitu, hukiinua juu, husema chochote, watu huitika, na mchwa husikiliza. Kinachopendwa hurudishwa kwenye nyumba ya wenyewe. Kisichopendwa husagwa. Na sauti ya wenye msiba inashinda orodha ya kiwandani. Sheria hiyo ilipitishwa baada ya janga moja la nyuma, ambapo orodha ilifuatwa kama ilivyo na watu wakapewa nyumba nzuri sana zisizo na kitu chao hata kimoja ndani.

Mwalimu lazima atoke nje ya kijiji, asije akapendelea nyumba ya shangazi yake. Wa kwanza kuletwa Luhangazi alikuwa bwana mmoja mpole wa mjini. Siku ya kwanza akainua kiatu cha mtoto. Watu walilia mpaka jua likazama, naye akalia nao, na mchwa wakajifunza kwamba kila kitu duniani kinapendwa. Kesho yake hawakutafuna hata kokoto. Ndipo mtu mmoja ofisini, anayewajua Waluguru, akasema watafutiwe mtani.

Mtani ana ruhusa ambayo ndugu hana. Msibani anaingia kwa kelele, anavaa koti la marehemu, anamwigiza anavyotembea, anashuka kaburini na kugoma kutoka mpaka apewe kitu, na waliofiwa wanacheka huku machozi yanawatoka, ndipo wanapata nguvu ya kusimama. Kalunde alikuwa na kipaji hicho tangu utoto wake Urambo, na maisha yalikuwa yamekinoa. Alishapoteza nyumba kwa mafuriko, akauza vyuma chakavu, akavunja majengo kwa nyundo. Alipofika Luhangazi akainua kiatu kile kile, akauliza kama Waluguru wote huzaliwa na mguu mmoja mfupi kwa ajili ya miteremko, au ni watoto tu. Kisha mama wa mtoto yule, mtoto mwenyewe akiwa mzima amelala kwa jirani, akacheka. Kazi ikaanza. Ilikwenda vizuri mpaka wakubwa wakaja kupiga picha.

Sasa Shufaa alikaa kwenye mlango wa kichuguu na kibao chake, akazifungua kumbukumbu za mchwa, kitu kimoja baada ya kingine, sauti tupu. Baiskeli: sauti ya Kalunde ikisema hii ilikuwa inampanda mwenyewe, itupwe kule, na watu wakicheka. Sufuria: Kalunde akiuliza kama walikuwa wanapika ugali au wanauchuja, na watu wakicheka. Mlango wa choo: kicheko kirefu mno, kinaishia kwenye kikohozi.

Kalunde alisikiliza mpaka masikio yakamuwaka. "Nimewafundisha kinyume," alisema. "Ninasema tupa, wanaweka."

Shufaa alitikisa kichwa. Hakuwa na haraka ya kusema, alipenda ukweli ukae kidogo kwanza mkononi. "Hawakusikia tupa, mama. Wamesikia kicheko, na chini ya kicheko wamesikia kitu kingine. Niambie, humu ndani kuna kitu kimoja ambacho watu hawakipendi?"

Kalunde akatazama upya. Baiskeli ilikuwa ya babu aliyefundisha nusu ya kijiji kuendesha. Sufuria lilipikia harusi zote. Watu hawatanii kitu wasichokijali. Alizunguka vishubaka vyote akitafuta kosa la mchwa, na hakuliona.

Paa lilikuwa la mwisho. Alikumbuka siku ile. Alipanda juu ya kifusi, akaliuliza paa lile lilikuwa linazuia nini, nyota? Kijiji kizima kikaanguka kwa kicheko, kwa sababu kila mtu mzima pale alikaa chini yake. Kila mmoja alijua tone la dawati lake. Mvua ikinyesha, Mwalimu Kostantini alikuwa anafundisha hesabu amejifunika mwavuli, chaki mkono mmoja, na mwanafunzi anayekosa ndiye anayehamia kwenye tone. Kwenye kumbukumbu kicheko hicho kilikuwa kirefu kuliko vyote, na katikati yake alisikika mwanamke mmoja anayecheka na kulia kwa pumzi moja. Huyo alikuwa Bibi Eufrasia Mkude, dada yake Mwalimu.

*

Bwana Tegemea, mratibu wa maafa wa wilaya, alifika kabla ya adhuhuri. Hakuwa mtu mbaya. Viatu vyake vilikuwa na matope ya vijiji vingine vilivyomsubiri, na macho yake yalionyesha analala garini. Aliingia kichuguuni, akatoka, akaosha mikono mara mbili, akasema dawa yake ni moja: kufuta. Mchwa wafutwe kumbukumbu yote, warudi kwenye orodha ya kiwandani. Kwenye orodha hiyo asbesto iko wazi, inakwenda shimoni leo hii, nzima, na mambo yamekwisha.

Mtu wa kufuta ni mwalimu. Mchwa hawafutwi kwa kitufe. Wanasubiri neno moja tu wanalolijua, kwa sauti ya yule aliyewasomesha, iliyotulia, isiyo na mzaha ndani yake. Kwa hiyo wote wakamgeukia Kalunde.

Naye alikuwa tayari. Ujana wake, yeye na mumewe Kasuka walikodiwa kuvunja maghala ya zamani bandarini. Walipiga mabamba kama haya kwa nyundo, nyuso wamezifunga kanga, jioni wanakung'utana mavumbi na kuchekana walivyofanana na mizimu. Kasuka alianza kukohoa baada ya miaka mingi, walipokuwa wameshasahau maghala. Alikohoa mpaka akawa anawaomba radhi wageni kwa kukohoa. Kalunde hakuona sababu ya mtoto yeyote wa Luhangazi kulala chini ya ukuta wenye kitu kile. Alikohoa kusafisha koo.

"Subiri," Shufaa alisema. "Niwasomee kwanza orodha yenyewe inasemaje." Akaisoma kwenye kibao, bila kubadilisha sauti. Zege, malighafi. Tofali, malighafi. Mbao isiyooza, malighafi. Mfupa, chokaa.

Hapakuwa na haja ya kueleza. Siku mchwa walipokuta marehemu wa kwanza kwenye kifusi, Bibi Eufrasia alipiga ukunga uliowasimamisha hata mchwa, na tangu hapo kila walipokuta mtu walisimama duara na kungoja waje watu. Ukunga ule mmoja ndio uliowapatia wote waliopotea. Wote, isipokuwa Mwalimu Kostantini. Kifusi kilichobaki ni kile cha juu, cha shuleni. Mchwa wakifutwa watakipanda kesho asubuhi bila kujua ukunga ni nini.

Kalunde aliuliza kama hawawezi kuzimwa tu, watu wachimbe kwa majembe. Tegemea akamwonyesha mlimani. Kifusi kile kinaning'inia juu ya vichwa vyao, mvua za vuli zikikikuta pale kitashuka mara ya pili, na majembe hayatamaliza kabla ya mvua. Akauliza kama hawawezi kufutwa kisha wakafundishwa upya. Shufaa akasema watafundishwa kwa kitu gani, wakati vitu vimekwisha kuliwa?

Bibi Eufrasia alifika akitembea na fimbo, kwani habari kijijini hazihitaji kutumwa. Alikuwa mzee mwenye sauti ndogo na macho yasiyopepesa. Kwa Waluguru ukoo ni wa mama, na kaka wa mama ndiye nguzo. Kostantini alikuwa mjomba wa watu wote wa nyumba ile. Asipozikwa, jina lake haliwezi kurithishwa, na kitukuu aliyezaliwa wiki chache baada ya mlima kushuka bado alikuwa anaitwa "mtoto" tu, akisubiri.

Akasimama mbele ya Kalunde.

"Mtani. Nasikia unataka kumpaka ndugu yangu ukutani."

Kalunde aliuweka utani pembeni. Akamweleza kuhusu Kasuka, kwa mara ya kwanza tangu afike kijijini. Bibi Eufrasia alimsikiliza mpaka mwisho, akiitikia kwa kichwa.

"Basi wewe unajua vya kwako na mimi najua vya kwangu," alisema. "Sikwambii ufanye nini. Vifua vya watoto ni vya watoto, na Kostantini angesema hivyo hivyo. Ila usiseme neno hilo mpaka uwe umeyatafuta mengine yote."

Bwana Tegemea alivua kofia yake. Akamuuliza Shufaa kuna muda gani. Shufaa akasema mchwa hawakati kitu kibichi, gundi yao haishiki. Manyunyu ya usiku yalilowesha mabamba kabla hayajaingizwa ndani, yakikauka wataanza.

"Basi mpaka yakauke," alisema mratibu.

*

Kwa hiyo wakayalowesha. Watoto walipelekwa ng'ambo ya mto, na watu wazima wakapanga mstari kutoka majini mpaka kichuguuni, vinywa vimefunikwa barakoa alizoleta Tegemea, ndoo zikipanda mkono kwa mkono. Mabomba yalikuwa yameondoka na mlima, kila tone lilitoka mtoni. Tegemea mwenyewe aliingia kwenye mstari, suruali ameikunja magotini, na mtu mmoja akamuuliza kama serikali sasa imejifunza kubeba.

Huku maji yakimwagwa, Kalunde alijaribu yote. Kwanza, yeye na Shufaa walivaa glavu, wakalizungusha bamba moja lililolowa kwenye nailoni, wakalibeba polepole mpaka shimo la sumu, wakalilaza. Kabla Shufaa hajavua glavu, mchwa walikuwa wamelibeba vichwani, wameshalirudisha, na wamelifuta matope. Wakaonekana kuridhika nalo.

Kisha akawaomba wanakijiji walilaani paa. Wasimame mbele yake, waseme kwa dhati kwamba ni sumu, hawalitaki, liende. Walisimama. Mzee wa baraza alianza vizuri, akalitaja kuwa muuaji. Alipofika kwenye "hatutaki kukuona tena" sauti ikamkatika, kwa sababu alikuwa amekumbuka dawati lake. Mchwa walisogea karibu zaidi, wakajipanga kulizunguka paa kama wanalilinda.

Kalunde aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Alianza kufikiri kwamba hakuna lingine, na kwamba neno lile litatoka kinywani mwake kabla ya jioni, na baada ya hapo hatatania tena mahali popote.

Shufaa akaja kukaa chini karibu naye, kibao mapajani. Kuna jambo lilikuwa linamwasha. Ndani ya kumbukumbu za mchwa, alisema, mna vikapu viwili tu. Cha kwanza, kinachopendwa, kirudi nyumbani. Cha pili, kisichopendwa, kisagwe. Amefungua kila kona na hajaona kikapu cha tatu. Hakuna mahali ambapo kitu kinapendwa na bado kinaachwa kiende.

"Mama, hawa mchwa wameshawahi kuona mtu anazikwa?"

Kalunde alifungua mdomo aseme ndiyo, maana mazishi yalikuwa mengi mno. Kisha akakumbuka. Makaburi yote yalichimbwa misheni. Siku ya kwanza mchwa walilifuata jeneza kwa safu, wakisikiliza, na katekista akasema mdomo unaokula zege usisogee karibu na kaburi, itakuwa aibu. Watu wote waliafiki. Aliyesimama getini na ufagio akiwarudisha nyuma alikuwa mtani, yaani yeye.

Walikuwa wamewafundisha mchwa kupenda, halafu wakawafungia mlango penye somo lililobaki.

"Mwanangu," Kalunde alisema, akiinuka, "mwite katekista. Mwambie kuna msiba."

*

Walilizika paa alasiri hiyo hiyo, na lilizikwa kama mtu.

Hawakulipeleka misheni. Walilipeleka kwenye lile shimo la bonde kavu, upande ambao mchwa walikuwa wamechimba wakauacha wazi, wakatandika nailoni safi juu ya nailoni. Mabamba yalimwagiwa maji mara ya mwisho, yakafungwa moja moja, yakabandikwa alama ya hatari ambayo Tegemea aliikata kwenye bati la rangi, ili hata watakaokuja baada ya wajukuu wajue pale hapachimbwi. Wabebaji walikwenda hatua kwa hatua wakipokezana. Wanawake walifunga kanga viunoni. Pembeni, pande zote mbili za njia, mchwa waliandamana, na safari hii hakuna aliyewafukuza.

Katekista alisimama, akasema hajawahi kuzika paa na hana ibada yake, lakini ana shukrani. Akalishukuru kwa kivuli. Mzee wa baraza akasema lilimfundisha kusoma. Sasa hawakulazimishwa kulichukia, na sauti zilitoka zilivyotaka. Watu walilia waziwazi, kwa paa na kwa yote yaliyokuwa chini yake.

Bibi Eufrasia akamtafuta Kalunde kwa macho. Kalunde alikuwa ameshavua kandambili. Kabla bamba la kwanza halijashushwa, alirukia shimoni, akalala chali kwenye nailoni, mikono kifuani, na mwavuli mweusi wa kuazima akaufungua juu ya uso wake.

"Tone," alisema kwa sauti ya Mwalimu Kostantini, ambayo aliiokota kwa watu waliokuwa wakimwigiza. "Tone la pili. Nani amekosa hesabu? Hama, kaa hapa nilipo, mimi nimelowa vya kutosha."

Kicheko kilichopanda kutoka kwenye ukingo wa shimo lile kilikuwa na machozi ndani yake mwanzo hadi mwisho. Wakamwambia atoke. Akakataa mpaka apewe jogoo, na asiwe wa Kiluguru aliyezoea kupanda milima, maana nyama yake ni ngumu. Wakabishana naye kama inavyotakiwa, wakamwahidi jogoo, akatoka. Bamba la kwanza likashushwa, mtu mmoja akatupa konzi ya udongo juu yake, na Shufaa, aliyesimama na kibao, akawatazama mchwa.

Mchwa hawakulifuata.

Walisimama safu nzima bila kucheza hata mguu. Kisha wa mbele akashuka ukingoni, akachukua punje ya udongo kinywani, akaiangusha shimoni. Wa pili naye vivyo hivyo. Wakaanza kumiminika, kila mmoja na punje yake, na sehemu ya kundi ikageuka, ikaenda kuyapokea mabamba yaliyobaki kutoka mabegani mwa watu, ikayabeba mazima, yakiwa mabichi, ikayalaza taratibu moja juu ya jingine. Bwana Tegemea alikaa chini kwenye majani. Shufaa alitazama kibao na kusema, kama mtu anayejisemea mwenyewe, kwamba kipo kikapu cha tatu.

Neno la kufuta lilikuwa bado mdomoni mwa Kalunde, akalimeza.

Watu walipoanza kujikung'uta ili warudi, ndipo mmoja wao alipoona kundi jingine la mchwa limepanda upande wa misheni. Walikuwa wamepita getini ambapo zamani walirudishwa kwa ufagio, wakaingia hadi ilipoishia safu ya makaburi mapya, na walikuwa wanachimba. Hakuna aliyewaagiza. Shimo lilikuwa refu na jembamba, pembe zake zimenyooka, na ukubwa wake ulikuwa wa mtu.

Shufaa aligeuka akatazama juu mlimani, kwenye kile kijichuguu kisicho na mlango alichosema ni ghala la gundi. Kilikuwa kimefunguliwa. Safu ndefu ya kahawia ilikuwa inatoka ndani yake, inakuja polepole mno, imebeba kitu kimoja kilichofungwa kwa gundi yao kama kilichofungwa kwa sanda. Muda wote huo walikuwa wanamjua Mwalimu; walimsimamia duara huko juu, ila hakuna aliyethubutu kupanda. Walijua anapendwa, na kinachopendwa kirudi nyumbani, ila nyumba yake ilikwenda na mlima, kwa hiyo wakamjengea pa kungojea.

Bibi Eufrasia alitembea mbele ya watu wote mpaka kwenye shimo lile la misheni, akasimama. Hakulia bado. Alitazama safu inavyoshuka, akatazama shimo, kisha akamgeukia Kalunde aliyekuwa nyuma yake, kandambili mkononi.

"Mtani, mbona umesimama? Kazi yako hiyo."

Kalunde alitazama udongo mbichi. Akaupitisha mkono machoni, akashuka ndani, akajilaza, akajinyoosha. Miguu yake haikufika mwisho.

"Wamekosea vipimo hawa," alisema kutoka chini. "Mlisema Mwalimu alikuwa mfupi. Au alikuwa anasimama upande wa chini wa mteremko?"

Bibi Eufrasia akacheka, na kicheko kikamwinamisha, na huko alikoinama ndiko kilio chake kilikokuwa kinamsubiri. Akalia kwa sauti kubwa, ya mtu anayelia mbele ya kaburi lenye mwenyewe. Watu wakamshika. Mchwa waliosimama ukingoni walisikiliza yote mawili.

"Sitoki humu," Kalunde alisema, "mpaka niambiwe yule mtoto anaitwa nani."

"Anaitwa Kostantini," alisema Bibi Eufrasia. "Toka sasa, apite mwenye kitanda."